Gari la Mkwe Wangu Lilivyonishinda Kupanda

Nitawasimulia, lakini mcheke polepole, maana aibu hii haijapoa, na wengine wenu mlikuwepo (wewe Mama Achieng najua ulicheka mpaka ukakaa chini na beseni lako la sukuma wiki).

Mnamjua mkwe wangu Wafula, yule mpole aliyemwoa Nekesa wangu. Ana gari kubwa la kubeba watu saba, na mwaka jana mvua ilipoanza alitupeleka nalo nyumbani, chini ya Mlima Elgon, kumwona dada yangu Rasoa ambaye macho yanamwishia. Tulifika pale mtoni karibu na kwake gari likakalia tumbo kwenye matope, tukavutwa na ng'ombe wanne wa Mzee Simiyu, tena wakaturudisha upande ule ule tuliotoka. Nyumba ya Rasoa niliiona ng'ambo, moshi unatoka jikoni, nikarudi hapa mtaani kwetu Jericho bila kumshika mkono. Mwaka huu akatuma neno kwamba sasa anaona kivuli tu, na kichwa nacho kimeanza kusahau watu, niende angali ananijua.

Wafula akasema atainua gari na kuliwekea tairi kubwa, na kwa vile safari ni yangu, niende gereji nichague. Hakuniambia mimi, alimwambia Nekesa aniambie, kwa sababu kwetu mkwe hashikani mkono na mama mkwe wala hamkodolei macho, na mimi pia nikimwona dukani nazunguka njia nyingine. Nikafunga kitambaa kipya, nikaenda kuchagua tairi. Mimi!

Fundi Njoro alinieleza vizuri, sina lawama kwake. Gari likiwekwa springi na shoki ndefu, vile vyuma vya kuzuia mtikisiko, linainuka, ndipo tairi kubwa zinapata nafasi ya kuzunguka bila kukwaruza bodi. Kwa safari yetu, akasema, inchi mbili zinatosha. Nikamuuliza kama kuna zaidi, akasema ziko nne, ila hapo ni lazima aweke kikanyagio cha kupandia pembeni. Nikakumbuka lile tumbo kwenye matope, nikasema nne, na kikanyagio sitaki, kitanasa mawe ya mtoni.

"Basi shosho," Njoro akaniita kama nyanya yake, "jaribu kupanda hii gari ya mteja, iko juu vile vile. Inua mguu tuone."

Sasa hebu niambieni. Wafula, aliyelileta gari lake, amesimama pale, hatua tatu kutoka kwangu. Niinue mguu mbele ya mkwe, nguo ipande magotini?

"Mimi nimepanda milima wewe hujazaliwa," nikamwambia Njoro.

Njoro akamwangalia Wafula, Wafula akaangalia chini, hakuna aliyethubutu kunibishia. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Asubuhi ya safari kina mama wa kanisa walikuja kuniombea, Mama Achieng, Trufosa, Perpetua na Mama Kibe, na majirani wakatoka kuangalia gari. Lilisimama mbele ya nyumba kama ghorofa, tairi zinanifika kiunoni, nami nimevaa kitenge cha kubana alichonishonea Trufosa. Tukaomba, tukasema amina, kila mtu akangoja nipande.

Mguu haukufika. Nikacheka kidogo, kama mtu anayepima tu. Nikajaribu tena, nikashika kile kishikio cha juu ya mlango nikajirusha, goti moja likafika, la pili likakataa, na kitenge kikalia rrraaa kutoka magotini mpaka mahali sitataja. Nikabaki nimening'inia, mbele siwezi, nyuma siwezi.

"Mama Nekesa," Mama Achieng akauliza, "unaingia ama unatoka?"

"Wacha maneno, nisukume!"

"Nishike wapi sasa? Kila mahali pako wazi!"

Watu wakaangua kicheko. Wafula alikuwa amekuja kunifungia mlango, na alipoona mambo yalivyo akageuka kama aliyechomwa, akasimama akiangalia ukuta wa nyumba, mikono nyuma, kama mtu anayekagua rangi. Yeye ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote, na ndiye asiyeweza kunigusa. Nekesa naye ana mimba ya miezi saba. Nikaanza kulia, na wallahi haikuwa kwa sababu ya kitenge. Niliona ule mto tena, na mimi ng'ambo.

"Nishusheni," nikasema. "Mwambieni Rasoa nimeshindwa."

Kicheko kikazima. Ndipo Wafula akasema, bado anaongea na ukuta, "Nekesa, mwambie mama asivunjike moyo. Mwambie ashuke kwanza, nipeleke gari pale kwa sakafu ya kufulia nguo."

Perpetua akanifunga leso yake kiunoni, wakanishusha wanne kama gunia la mahindi. Ile sakafu ya saruji kando ya mfereji mnaijua ilivyoinuka. Wafula akarudisha gari nyuma polepole mpaka mlango ukakaribiana nayo, halafu (hili ndilo hunitoa machozi hata leo) akageuza kioo cha ndani kikaangalia dari, asije akaniona. Nikatembea kutoka sakafuni mpaka kitini kama naingia chumbani kwangu. Kina mama wakapiga vigelegele.

"Nekesa, muulize mama kama amekaa vizuri."

"Mwambie nimekaa. Mwambie Mungu ambariki."

Njia nzima kila tuliposimama alitafuta ukingo au kilima cha udongo wa kunishushia, hakuguna hata mara moja. Pale mtoni matope yalikuwa mabaya kuliko mwaka jana, na gari likapita kama linatembea sebuleni.

Rasoa alikuwa ameketi mlangoni. Sikusema jina langu, niliogopa. Nilipiga magoti tu, akanipapasa uso, paji, mashavu, kidevu, taratibu sana, mpaka nikadhani nimechelewa.

"Umezeeka, Beldina," akasema.

Tukashikana mpaka chai ikapoa.

Basi nimeapa, sitasema tena kwamba naweza jambo eti kwa sababu naona haya kulijaribu. Ningemwomba tu Wafula ageuke kidogo pale gereji, aibu ingeishia kwangu na kwa Njoro. Badala yake imeonwa na Jericho nzima, na bado nashukuru, maana dada yangu alinijua.