Ngeleja Ndani ya Shuka, Treni ya Zambia

Kama wewe ni mtu wa Zagayu na hujawahi kulimiwa na Ngeleja, basi una bahati mbaya au una trekta. Mimi trekta sina. Mwaka ule maksai wangu walipokufa kwa ugonjwa, nilikaa ndani nikipanga maneno mazuri ya kwenda kumwomba mtu. Kabla sijayamaliza nikasikia minyororo ya plau uani. Ngeleja alikuwa ameshafika na maksai wake. Akalima shamba langu kwanza, la kwake likangoja, na mvua ikamkuta hajalimaliza. Nilipoanza kumshukuru akasema, "Nyamaza, Mayige, unawachanganya ng'ombe."

Ndivyo alivyo. Ng'ombe wake wamesikia maneno mengi kutoka kwake kuliko majirani. Mimi nina maneno ya kututosha wote wawili, nadhani ndiyo maana Mungu alitupa mpaka mmoja wa shamba. Kwa hiyo alipotaka kwenda Zambia alihitaji msemaji, na msemaji wa Zagayu, bila kujivuna sana, ni mimi. Nimesoma mpaka darasa la sita, na la saba nililichungulia dirishani.

Sababu ya safari ilikuwa mkewe, Esteria. Wazazi wake ni Wasukuma waliohama na mifugo miaka mingi iliyopita, wakateremka kusini kufuata malisho mpaka wakavuka mpaka. Baba yake alipofariki huko, Esteria alikwenda kuzika peke yake. Ngeleja alibaki na pamba. Msimu ukaisha, mwingine ukapandwa, Esteria hakurudi. Ngeleja aliyekuwa mkimya akawa kama kisiki. Siku moja akaja kwangu, akasimama mlangoni, akasema, "Twende tukamchukue." Kwa Ngeleja hiyo ni hotuba.

Mpaka Mbeya tulikwenda kwa basi. Pale stesheni nilimwambia asiwe na wasiwasi, treni nazijua, maana niliwahi kulala stesheni ya Shinyanga. Nikamwongoza hadi kwenye behewa zuri lenye meza. Tukakaa, tukafungua michembe yetu, tukaanza kutafuna viazi hivyo vikavu na kusifu serikali. Mhudumu akaja kutuuliza tunaagiza nini. Kumbe ndilo behewa la chakula. Ngeleja alinitazama tu. Nikamwambia, "Nilitaka upaone."

Tulipopata viti vyetu halisi, treni ilikuwa karibu kuondoka. Mara akaingia bibi mmoja na kapu kubwa, akaketi mbele yetu, magoti yakikaribia kugusana. Alikuwa ametoka kumwona mwanawe anayechunga huko bondeni Usangu. Alivyosikia lafudhi yangu ya Kisukuma tu, akafurahi. "Wangaluka!" Nami nikamjibu kama mama yangu, "Wangaluka, mayu!" Tukaanza kusalimiana kama kwetu, ukoo kwa ukoo, mvua, ng'ombe, watoto.

Nikageuka ili Ngeleja naye asalimie. Hakuwepo. Palikuwa na shuka, na ndani ya shuka kitu kinatetemeka. Nikainama. Ikatoka sauti ndogo: "Ni yeye."

"Nani?"

"Mama Esteria. Hiyo sauti ni yake."

Sasa kwa wasiojua, mkwe kwetu si mtu wa kutazamana naye. Mwanaume hakai mbele ya mama wa mkewe, hali naye, hamwangalii usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Ngeleja ameoa miaka yote hiyo, mama huyu anamjua kwa sauti tu, kutoka nyuma ya ukuta. Treni haina pori. Ilikuwa imeshaanza kutembea.

"Mwenzio ana nini?" akauliza bibi.

"Mafua, mayu. Mabaya sana. Hata mwanga hautaki."

Laiti ningesema amelala. Bibi akafungua kapu, akatoa ugoro. "Mpe avute, yatatoka yote." Nikaupitisha chini ya shuka. Nilitegemea ataushika tu. Masikini, kwa adabu ya mkwe, akauvuta! Alipiga chafya mpaka abiria wa viti vya nyuma wakasimama. Bibi akatikisa kichwa, akaridhika. "Unaona? Yanatoka."

Kisha akatoa kuku wa kuchoma. Mkwe hali mbele ya mkwe, hivyo mapaja yote mawili nikala mimi, nikimwambia bibi kwamba mgonjwa hana hamu. Nilipigwa teke la mguu kutoka ndani ya shuka. Teke halali kabisa, ninalikubali hadi leo.

Mpakani wakapanda maafisa wa uhamiaji. Mmoja kijana, wa upande wa Zambia, anajua Kiswahili. Akatazama hati ya Ngeleja, akatazama shuka. "Funua uso."

Shuka halikusogea.

"Mzee, nimesema funua uso, la sivyo unashuka hapa."

Nikaanza kueleza habari ya mafua. Afisa akasema kama ni ugonjwa wa kuambukiza ndiyo ashuke kabisa. Nikageuza, nikasema si mafua, ni haya. Akauliza haya ya nini, ameiba? Msemaji wa Zagayu nikaishiwa. Nikaona kabisa Ngeleja akishushwa mpakani, na Esteria akisikia kwamba mumewe alifika mlangoni akarudi. Ikabidi niseme kweli, nikimtazama afisa na siyo bibi: "Afande, huyu mama ni mkwe wake."

Afisa hakuelewa. Bibi alielewa. Akainuka, akajigeuza kwenye kiti akatupa mgongo, akajifunika kanga kichwa kizima. Akasema kutoka humo ndani, "Mwambie mkwe wangu afunue. Mimi sipo."

Ngeleja akafunua. Uso umelowa jasho, pua nyekundu kwa ugoro. Afisa akalinganisha picha, akagonga muhuri, akaenda zake akicheka. Ngeleja akarudi ndani ya shuka. Basi nikabaki mimi katikati, huku kanga, huku shuka.

"Mwulize amekuja kufanya nini," ikasema kanga.

"Mwambie shikamoo," likasema shuka.

"Anasema shikamoo," nikapeleka, "na anasema kuku alinukia vizuri mno."

"Sikusema hivyo, Mayige!"

"Nyamaza, nakusaidia."

Kanga ikatikisika, nadhani alicheka. Halafu haikucheka tena. "Mwulize, siku mwenzangu anawekwa ardhini, yeye alikuwa wapi?"

Hapo sikuwa na chumvi ya kuongeza. Nikangoja. Ndani ya shuka Ngeleja akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia: "Mwambie nilikuwa shambani. Pamba ilikuwa imefunguka, nikasema nitakwenda ikiisha. Ilipoisha nikaona aibu. Aibu nayo kila siku ikaongezeka. Sasa nimekuja. Naomba nioneshwe kaburi kwanza, mengine baadaye."

Nikayapeleka kama yalivyo, ingawa wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri tu.

Bibi alijibu taratibu. "Mwambie Esteria hajakataa kurudi. Amekataa kurudi peke yake."

Shuka likaanza kutetemeka upya, na safari hii haikuwa woga wala ugoro. Nikatazama nje. Mimi huwa naongea, lakini najua pa kutazama nje.

Tulishuka kituo kidogo, jua limeelemea magharibi. Esteria alikuwa amekuja kumpokea mama yake. Akaona mama anashuka kwa mlango huu, kisha akaona mlango wa pili mwanaume mrefu anateremka kinyumenyume, mgongo mbele, ili asikutane na mkwe, nusura aanguke relini. Akamjua kwa mgongo huo. Aliweka mkono mdomoni, akacheka huku machozi yanatoka.

Esteria akamwendea Ngeleja, akachukua begi begani kwake, akasema, "Kaburi liko huku. Twende kabla giza halijaingia."

Wakatangulia wawili. Bibi akafuata kwa mbali, kama inavyotakiwa. Mimi nikaja nyuma na kapu la kuku, mfuko wa michembe na shuka lililolowa, msemaji mzima nimegeuka mpagazi, na nakwambia, sijawahi kubeba mzigo kwa moyo wa shukrani namna ile.