Salamu za Bi Kofia

Mwanabaraka wa Kibokoni, Mji wa Kale, alikuwa na marafiki nchi nzima, ila mtaani kwao. Tangu mumewe afariki alishona kofia kutwa, na jioni, saa ya salamu redioni, chumba chake kilijaa watu ambao hakupata kuwaona hata siku moja. Zilikuwa zama za kadi za salamu: unanunua kadi dukani, unaandika majina ya unaowasalimu, unaitia posta, kisha unangoja mtangazaji aisome. Yeye alijiita Bi Kofia. Oloo wa Kisumu alimsalimu, Purity wa Meru alimwita dada, na kila alipotajwa aliweka sindano chini akacheka peke yake.

Swafia, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyezoea kuja saa hizo kwa kahawa na umbea.

"Hebu nyamaza kidogo, mwenzangu, jina langu lisije likanipita," Mwanabaraka alikuwa akimwambia.

Mtu huvumilia kunyamazishwa mara moja, mara mbili. Swafia akapunguza miguu, kisha akaikata kabisa, na mwenzake, kwa raha alizokuwa nazo, hata hakuona.

Ikaja arusi ya Tumu, binti wa pekee wa Mwanabaraka. Mji wa Kale hawaaliki arusi kwa kupiga kelele. Hutumwa mwalishi, mama mtu mzima, apite mlango kwa mlango abishe hodi, awataje wenye nyumba kwa majina, awaambie siku ya kwenda kuchagua mchele wa karamu. Asiyebishiwa hodi haendi, hata pilau imnukie puani. Mwanabaraka aliyajua haya tangu utotoni, lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba. Mwalishi wa nini, na redio ipo? Akaandika kadi: Kibokoni nzima, karibuni Alhamisi tuchague mchele wa Tumu. Ikasomwa kweli, tena kwa madaha.

Kibokoni nzima ikasikia, na Kibokoni nzima ikakaa kwao.

Alhamisi alitandika mikeka, akapanga nyungo, akamwaga mchele, akachemsha kahawa ya tangawizi. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia. Mkekani alikuwa yeye na Tumu tu.

"Mama, kesho wakwe watatafuna mawe," Tumu akasema, akaanza kulia.

Mwanabaraka aliumia, tena aliumia hasa, na haya ikamshika kuliko maumivu. Akajitanda buibui, akaenda kubisha hodi kwa Swafia.

"Mbona hukuja?"

"Sikualikwa."

"Kwani hukusikia redioni?"

"Nilisikia. Kila jioni nafungulia, nangoja leo huenda ukanitaja. Wamtaja Oloo, wamtaja Purity. Mimi niliyelala kwako eda nzima, hata siku moja!"

"Nikutaje vipi, Swafia, nawe u hapa ukutani?"

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, Bi Kofia. Waite hao waje wakuchagulie."

Swafia hakuwa amewahi kumwita kwa jina hilo, na lilimchoma kuliko tusi.

"Nimekuja kukualika," Mwanabaraka akasema. "Mimi mwenyewe."

Swafia akachukua buibui lake msumarini. "Naja kwa ajili ya Tumu."

Wakarudi wakakaa mkekani na Tumu, kila mtu na ungo wake. Jioni, sauti ya mtangazaji ikaingia kutoka dirisha la jirani mwingine: Bi Kofia anapewa hongera za arusi kutoka Kisumu, kutoka Meru. Hakuna aliyecheka. Mwanabaraka akatafuta neno la kumwambia mwenzake. Alitaka kumuuliza hali ya mamake, akagundua hajui hata kama yule bibi bado yu hai. Kila neno lililomjia lilikuwa la kadi: nakusalimu popote ulipo. Na Swafia alikuwa hapo hapo, goti kwa goti, akitoa mawe.