Fungu la Heshima la Mzee Kinoti

Katika maisha yake yote Mzee Kinoti hakuwahi kwenda kumwomba mtu jambo mikono mitupu. Alipokwenda kumposa mkewe alibeba fungu la miraa. Alipogombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba, wakanuniana miaka na mikaka, ni fungu la miraa lililowaketisha tena pamoja. Hata mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Mmethodisti asiyetia hata jani mdomoni, alipokea lake kwa mikono miwili siku Kinoti alipompeleka mwanawe darasa la kwanza.

Si miraa ile ya kupakiwa kwenye pikapu ikakimbizwa Nairobi kama mgonjwa mahututi. Hii ni ncoolo, fungu la heshima. Vijiti vyake huchumwa kwenye miti ya mababu, hupangwa urefu sawa, hufungwa kwa jani la mgomba. Ukiletewa ukalifungua, umekubali lililoletwa nalo. Ukilirudisha lilivyo, umekataa. Na likishafunguliwa haliliwi na mtu mmoja. Kila aliyeketi pale sharti anyooshe mkono. Kule Muthara, alikozaliwa Kinoti, hakuna mtoto asiyelijua hilo. Balaa la mzee huyu ni kwamba alidhani dunia nzima ni Muthara.

Alikuwa na watoto wawili, Kajuju na Mwenda. Kajuju alikuwa binti wa kazi na kicheko. Mwenda alikuwa wa mbio. Tangu utotoni hakujua kutembea. Ukimtuma dukani ungedhani kuna nyumba inayoungua. Mbio hizo ndizo zilizompeleka chuo cha ualimu kule Tetu, juu kidogo ya Giakanja, na huko akaangukia mikononi mwa Mwalimu Nderitu, mkufunzi wa michezo, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni hata kanisani. Nderitu alimfundisha kukimbia mita elfu tano kwa akili badala ya kwa hasira. Mwaka huo wa tisini na saba akamtafutia nafasi katika chuo kimoja cha Amerika, ambako wangemsomesha bure ilimradi awakimbilie. Kulibaki mambo mawili tu: ashinde mashindano ya vyuo pale Nyeri, na awe safi.

Neno hilo "safi" lilikuwa jipya. Mwaka huo vyuo vilikuwa vimeletewa sheria ya kupima wanariadha dawa. Nderitu aliwasomea wanafunzi bwaloni, wakiwa na sahani za githeri mbele yao. Chochote kitakachoonekana kwenye mkojo wako ni chako, hata kama hujui kiliingiaje. Kisha akataja dawa zilizokatazwa, majina ya kuvunja ulimi, na mwisho kabisa akasema miraa pia imo. Bwalo zima likamgeukia Mwenda na kuangua kicheko. Mwenda naye akacheka. Alikuwa amelisikia neno hilo kwa masikio mawili mazima, na hilo tulikumbuke, maana ndilo litakalomponza.

Posa ya Kajuju iliangukia Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano. Wakwe walitoka Maua, watu wa adabu zao, na fungu lao lilikuwa zuri hivi kwamba Kinoti aliligeuzageuza kwa muda kabla ya kulifungua. Mwenda alikuwa amekuja asubuhi hiyo kutoka chuoni, akikohoa mafua ya baridi ya Nyeri, kwa sababu posa bila kaka wa msichana ni posa yenye kilema. Vijiti vikazunguka. Vilipofika kwa Mwenda, akavipitisha.

"Wewe, vipi?" Kinoti akauliza.

"Baba, kesho niko na race. Hii kitu tumekatazwa."

"Umekatazwa na nani?"

"Ni sheria. Wanapima mkojo."

Wakwe wakatazamana. Mzee mmoja wa Maua akaweka kijiti chake chini, polepole. Kinoti akaona aibu ikimpanda kutoka miguuni hadi kichwani. Kaka akikataa, ni kama nyumba imekataa, na Kajuju alikuwa jikoni na mashangazi, amevaa gauni jipya, anasikiliza kila neno.

"Utakataa dada yako juu ya mkojo?" akamwambia mwanawe kwa sauti ya chini. "Kaa chini. Kula na watu."

Mwenda akaketi. Akala na watu, tena si kijiti kimoja, maana kikao cha posa hakiishi kwa kijiti kimoja. Jioni akaondoka kurudi Nyeri, na kesho yake akashinda. Aliwaacha wenzake nyuma kiasi kwamba Nderitu alilia hadharani, filimbi mdomoni. Kisha mtu mwenye koti jeupe akampa Mwenda kikombe cha plastiki.

Kinoti alipoelezwa kwamba mkojo ule umepelekwa ng'ambo kupimwa, alicheka hadi akashika mbavu. Akawatangazia watu sokoni kwamba mkojo wa mwanawe umepanda ndege kabla ya mwenyewe. Mzaha huo aliurudia wiki tatu nzima. Baadaye alitamani aurudishe kinywani, mmoja mmoja.

Kwa sababu wiki ya nne Mwenda alikuja nyumbani siku isiyo ya likizo, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Wameona kitu," akasema.

Kinoti hakuhitaji kuambiwa ni kitu gani. "Ni ile ya Kajuju."

Mwenda akaitikia kwa kichwa.

"Nitaenda niwaeleze. Mimi ndiye nilikuambia ukule."

"Baba, hapana. Kuna kamati Jumanne, hapo chuo. Mimi na Mwalimu tutaongea. Wewe kaa hapa. Usikuje. Tafadhali."

Na kweli ile tafadhali ndiyo iliyomchoma mzee. Aliisikia hivi: wewe ni mtu wa shamba, hujasoma, utanitia aibu mbele ya wakubwa. Angejua alivyokosea! Lakini Mwenda hakumweleza zaidi, kwa sababu lililobaki kusemwa lilikuwa uongo, na baba yake alikuwa mzee wa kanisa asiyevumilia uongo hata wa kumfukuza mgeni.

Uongo wenyewe ulikuwa hivi. Wiki ile ya mashindano Mwenda alikuwa amepewa dawa ya kikohozi na nesi wa chuo, na dawa hiyo ilikuwa na kitu cha kuchangamsha mwili, binamu wa kile kilichoonekana kwenye mkojo. Nderitu alikuwa ameligundua hilo, akamwambia mwanafunzi wake: sema dawa, usiseme neno jingine. Nesi alikuwa tayari kushuhudia. Sheria nayo ilikuwa na mlango mdogo: aliyekosea kwa kutojua huonywa, hukaa nje miezi mitatu, kisha hurudi. Miezi mitatu haikumfungia Mwenda Amerika. Lakini aliyekula kwa kujua hukaa nje miaka miwili, na chuo kile cha ng'ambo hakimtaki mtu wa namna hiyo.

Siku zile za kungoja Kinoti hakula vizuri. Alizunguka shambani akigusa miti, akijisemea. Alijiona amemkanyaga mtoto wake kwa kiatu chake mwenyewe. Anakaaje nyumbani? Baba gani huyo anayewasha moto kisha anamwachia mtoto kuzima? Jumatatu akaupanda mti wa babu yake, mti ambao hakuwa ameupanda tangu magoti yaanze kumsumbua. Akachuma mwenyewe, akapanga mwenyewe, akafunga. Hakuwahi kufunga fungu zuri kama hilo maishani. Alidhamiria kwenda kwa wazee wa michezo kama mtu anavyokwenda kwa wazee wowote: akiri kosa lake, aweke fungu mezani, walifungue, yaishe.

Jumanne alifika Giakanja ukungu ukiwa haujainuka mashambani, akapanda mlima kwa miguu hadi chuoni, koti lake la kanisani likiwa limelowa mabegani. Bawabu alipouona ule uzee wake na lile koti, akamwonyesha ofisi ya kamati bila kumuuliza mengi.

Ndani walikuwa wameketi watu wanne nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti wao aliitwa Bi. Waithira, mama wa makamo mwenye miwani, aliyewahi kuwa mkimbiaji yeye mwenyewe. Mwenda na Nderitu walikuwa wamesimama mbele yake. Nesi alikuwa ameshamaliza kusema lake na kuondoka. Bi. Waithira alikuwa anamwambia Mwenda, kwa upole kabisa, kwamba siku nyingine aulize kabla ya kunywa dawa. Mlango ukafunguliwa.

"Hodi hapa," Kinoti akasema. "Mimi ni baba ya huyu."

Mwenda aligeuka. Kinoti akauona uso wa mwanawe ukiishiwa damu, akadhani ni haya.

"Mzee, hiki ni kikao," Bi. Waithira akasema. "Kuna jambo?"

"Kuna, Madam. Sitakaa sana." Akalitoa fungu ndani ya koti, akaliweka mezani kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja kama inavyotakiwa. "Kwetu mtu akikosea anakuja na hii. Nimekuja kusema makosa si ya kijana. Ni yangu."

Nderitu alimshika mkono. "Mzee wangu, twende nje kidogo tuongee."

"Wacha nimalize, Mwalimu." Kinoti akautoa mkono ule kwa heshima. "Dada yake alikuwa anaposwa. Wageni wakaleta miraa. Huyu kijana alikataa, Madam. Alikataa mbele ya wageni! Akaniambia, baba, hii kitu tumekatazwa, wanapima mkojo. Aliheshimu sheria yenu. Ni mimi nilimlazimisha. Kwa hivyo kama ni adhabu, nipeeni mimi."

Kinoti akajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mwanawe asimame mlangoni. Aliona amesema vizuri.

Bi. Waithira akavua miwani. Hakumtazama mzee; alimtazama Mwenda.

"Ulijua imekatazwa?"

Mwenda angeweza kumwita baba yake mwongo, na pengine wangemwamini yeye. Kinoti alikuwa anamtikisia kichwa, akimhimiza: sema, mwanangu, sema ukweli.

"Nilijua," Mwenda akasema.

"Na hiyo dawa ya kikohozi?"

"Nilikunywa pia."

"Lakini uliniambia ni hiyo tu."

Hapo ndipo Kinoti aliposikia habari ya dawa kwa mara ya kwanza. Akatazama huku na huku. Akamwona Nderitu amekaa kwenye kiti kisichokuwa chake, kichwa mikononi, filimbi ikining'inia kati ya magoti. Akaelewa, si kwa mpigo, ila kidogo kidogo, kama maji ya mvua yanavyoupata mlango. Lilipomfikia lote, akasogea tena mezani.

"Madam, hapana," akasema. "Mimi ni mzee, nasahau. Pengine hakusema. Pengine hakujua."

"Mzee," Bi. Waithira akasema, na sauti yake ilikuwa na huruma, huruma isiyomsaidia mtu. "Asante kwa kutuambia ukweli. Tutakufanyia nini sasa? Siwezi kuusahau."

Miaka miwili. Nderitu aliondolewa kwenye michezo siku hiyohiyo, akaachiwa kufundisha hesabu tu. Kuhusu Amerika hakuna aliyesema kitu. Halikuwa tena jambo la kusemwa. Na mwisho kabisa Bi. Waithira akalisukuma lile fungu kuelekea ukingo wa meza, kwa ncha za vidole, asijue kabisa anachokifanya.

"Hii chukua, Mzee. Haiwezi kukaa hapa."

Kinoti akalichukua lilivyokuwa. Katika umri wake wote hakuwahi kurudishiwa.

Waliketi kwenye benchi nje ya bwalo, baba na mwana. Wanafunzi walipita wakienda kula, wakimsalimu Mwenda kwa majina ya utani, hawajui lolote. Ukungu ulikuwa umeondoka na mlima ulionekana wote. Kinoti alitaka kusema nisamehe, lakini mtu huomba msamaha wa kuku aliyemkanyaga. Wa maisha ya mtoto unauombaje?

"Ungeniambia," akasema hatimaye.

"Ningekuambia nimeamua kudanganya, ungenikubalia?"

Kinoti akafikiri. "Hapana."

"Ndiyo hivyo, Baba."

Kisha Mwenda akanyoosha mkono, akalichukua fungu kutoka mapajani mwa baba yake, akaanza kulifungua.

"Wacha," Kinoti akasema. Alishtuka kusikia neno hilo likimtoka yeye, kwa mwanawe, juu ya miraa. "Mwenda, usikule. Miaka miwili si mingi. Utakimbia tena."

"Baba, miaka miwili nitakuwa darasani nafundisha watoto a-e-i-o-u, kama hawatanifukuza." Hakusema kwa hasira; heri angekasirika. "Hakuna mtu atanipima tena."

Jani la mgomba likafunguka. Vijiti vilikuwa vibichi, vyekundu kwenye ncha, vizuri kupita vile vya watu wa Maua. Mwenda akachagua kimoja, akakimenya kwa meno pale mbele ya bwalo, mchana kweupe, kila mtu akiona, macho yake kwenye uwanja ule mtupu wa mazoezi. Kisha akaliweka fungu wazi kati yao kwenye benchi, akangoja.

Kinoti alitazama kando muda mrefu. Mwishowe akanyoosha mkono, akachukua kijiti chake, kwa sababu fungu likishafunguliwa haliliwi na mtu mmoja.