Mapazia ya Magunia

Nikipiga pasi pamba yenye unyevu, harufu yake hunirudisha Lodwar, kwenye nyumba ya bati aliyopewa baba alipokuwa karani. Haikuwa na kitu ila vitanda, meza na vumbi.

Mama aliomba magunia matupu ya unga wa msaada, yale ya kitambaa cheupe. Aliyachemsha mara tatu ili maandishi yafifie, akayatia buluu, akayashona mapazia kwa mkono na kutarizi maua mekundu. Tulipoyatundika, chumba kilipoa, na mama akaketi akiyatazama tu.

Jumapili akaja mke wa mkubwa wa baba kazini, pamoja na binti yake niliyetamani sana awe rafiki yangu.

"Mapazia mazuri! Ulinunua Kitale?" mgeni akauliza.

"Ndiyo, Kitale," mama akajibu, akimimina chai.

Nikaruka nikapindua pindo, herufi zilizobaki zikaonekana. "Si ya Kitale! Ni magunia ya unga wa msaada!"

Binti akacheka hadi akamwaga chai. Mama yake akacheka. Nami nikacheka, kwa sauti kuwashinda wote.

Walipoondoka, mama aliyashusha mapazia akampa mwanamke aliyetuuzia makaa. Hakunipiga.

Kesho yake tulikula mchana jua likitupiga usoni, wapita njia wakichungulia sahani zetu. Nikalia kwamba macho yananiuma.

"Si ulitaka watu waone?" mama akasema. "Waache waone."

Hakutundika kitu tena kwenye madirisha yale mpaka tulipohama.