Mahindi Yaliyolaumiwa kwa Figo

Mtoto wangu wa kwanza hakukojoa hata mara moja. Alizaliwa asubuhi katika hospitali moja mjini Kisumu, katikati ya miaka ya tisini, na kufika adhuhuri alikuwa ameshatuacha. Daktari alisema hakuwa na figo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kila mwaka nilichora figo ubaoni, zote mbili, kwa chaki ya rangi, na sikuwahi kujiuliza zinatoka wapi.

Kwa wakwe zangu, Asembo Bay, hakuna aliyehitaji kujiuliza. Jibu lilikuwa shambani. Desturi yetu Waluo ni kwamba mke wa mwana hapandi kabla ya mama mwenye boma. Akimtangulia amevunja mwiko, na chira, laana ya mwiko huo, itamfuata hata tumboni. Msimu ule, nikiwa mjamzito, mvua ilikuja Jumamosi, shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na mama mkwe alikuwa bado hajapata mbegu. Nikapanda mistari michache ya mahindi nyuma ya nyumba, nikarudi Kondele, mtaa wa Kisumu tulikopanga chumba.

"Nyar Ahero," mama mkwe aliniambia baada ya mazishi, maana huku mke huitwa binti wa kwao, "ulinipita kwa shamba. Sasa unaona?"

Niliona tu jinsi ilivyo rahisi kumlaumu mwanamke aliyeshika jembe.

Niliposhika mimba tena, mama mkwe alituma ujumbe kwamba kuna manyasi, dawa ya mitishamba ya kuondoa chira, na niende kuyanywa mapema. Sikwenda. Nilimvuta mume wangu hadi kwa daktari kijana aliyekuwa ametoka masomoni ng'ambo. Nilitaka kujua jambo moja: huyu naye atakuwa na figo?

Alinieleza vizuri, sikatai. Mtoto tumboni hajengi figo mara moja. Za kwanza hazifanyi kazi, huyeyuka. Za pili nazo huondoka, ila kabla ya kuondoka, mfereji wake hutoa kichipukizi. Karibu na hapo kuna kifundo cha nyama laini, nacho ndicho kinachokiita kichipukizi kije. Kikija, kinaingia na kutoa matawi, na kifundo kwa kuguswa kinaanza kuwa vichujio vya damu. Hizo sasa ndizo figo za kudumu. Mwito ukikosekana, kichipukizi hakitoki, na figo haipo. Na nyuma ya kila mwito kuna jeni inayotoa amri. Wataalamu walikuwa wamezima jeni moja tu kwa panya, watoto wa panya wakazaliwa bila figo.

"Na kwangu mimi ni jeni gani?" nikauliza.

"Hiyo bado hatujui, Mwalimu. Kwa panya tunajua."

Nilitamani kumrushia kiti. Panya wa watu wanajulikana ndani na nje, na mimi nimekaa hapa na tumbo langu!

Akatupiga picha za figo kwa altrasaundi, mimi na mume wangu. Mimi nilikuwa nazo mbili. Mume wangu alikuwa na moja.

"Daktari, hii mashine yako ni nzima kweli?" mume wangu akauliza, akijipapasa ubavu.

Mashine ilikuwa nzima. Daktari alisema mtu anaweza kuzeeka na figo moja bila habari, na jeni iliyomnyima baba figo moja inaweza kumnyima mwanawe zote mbili. Inaweza pia isimfikie mtoto kabisa. Mimba yangu ilikuwa changa, haikuonyesha kitu, kwa hiyo tukaambiwa turudi baadaye. Tuliporudi, sasa mashine ilikuwa mbovu kweli, inangoja kipuri kutoka Nairobi.

Basi nikaenda Asembo, angalau nisafishe jina langu. Mama mkwe alikuwa anageuza omena, dagaa wa ziwani, juani. Nikamweleza yote. Ili aelewe vizuri, nikamwambia ni kama kupanda: tumboni pia kuna utaratibu, za kwanza hutangulia, za pili hufuata, na za mwisho haziji mpaka ziitwe.

Akaacha omena. "Si ndio hiyo nimekuwa nikisema? Hata huko ndani mtu hapiti mkubwa yake."

Nilitaka kulia kwa hasira. "Mama, ni mwana wako! Yeye ndiye ana figo moja."

Akarudi kugeuza omena. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mtoto yangu ya kwanza pia haikukojoa. Waliniambia nilivuna mbele ya mama ya bwana. Nikakunywa dawa. Halafu nikapata huyu."

"Akazaliwa na figo moja!"

"Na hiyo moja si imetosha?"

Alikuwa amelaumiwa kwa kosa la namna ile ile ambalo si kosa, na badala ya kukasirika pamoja nami, aliingia jikoni kunichanganyia manyasi. Daktari alikuwa amenipa maelezo, hakunipa la kufanya. Huyu alinipa kikombe. Nilikunywa chote, kichungu kama mwarobaini, na hasira zangu ndani.

Binti yangu alizaliwa analia kwa nguvu. Mama mkwe ndiye aliyekuwa amempakata wakati gauni lake lilipolowa, kuanzia mapajani hadi pindoni. Akapiga vigelegele, wodi nzima ikageuka.

"Dawa imeshika!" akapaza sauti. "Nyar Ahero, dawa imeshika!"

Wanawake wa vitanda vingine wakaitikia. Mimi, mwalimu wa sayansi, nilikuwa nimeliharibu jaribio langu mwenyewe kwa kikombe kimoja, na hakuna mtu Asembo atakayeniamini tena. Machozi yalinitoka, ya furaha na ya hasira, sikujua yapi ni yapi.

"Lete mtoto, Mama," nikasema. "Na mimi nataka kukojolewa."