Shemeji Hasikii la Mkavu

Jirani yangu mmoja tulimpachika jina Mkavu, maana maisha yake yote yalikuwa ugomvi na maji. Alikuwa fundi wa pikipiki za majini, zile nyembamba zinazoendeshwa umesimama, na yake mwenyewe aliiuguza kama mgonjwa. Kila tundu la kupitishia waya alilipaka silikoni. Ndani ya bodi aliweka sponji, na jioni akilikamua likatoa tone, hakuli mpaka ajue limepita wapi. Mimi miguu yangu haitulii mahali, ila kwenye karakana yake nilikuwa nakaa.

Jambo moja alilirudia hadi nikalikariri: ikipinduka, irudishwe kwa kushoto tu. Ukiirudisha kwa kulia, maji yaliyo kwenye ekzosi, lile bomba la moshi, yanamiminikia injini, na injini ndiyo kwaheri.

Mashine ile aliinunua pamoja na marehemu mkewe. Kaka wa marehemu alishikilia kwamba ni ya dada yake. Tangu mazishini hawakusalimiana. Wakipishana, mmoja anatema mate.

Basi asubuhi moja shemeji akaingia, akaikamata mashine, huyo anaiburuta ufukweni.

"Iache," Mkavu akasema.

"Niiache kama nani? Dada yangu hakuolewa na silikoni."

"Vaa boya basi," Mkavu akamnyooshea.

"Sivai!" Akalirusha mchangani.

Marehemu alizoea kucheka: "Kaka yangu ukimwambia kuna jua, anachukua mwavuli."

Hakufika mbali. Kona ya kwanza tu, chubwi! Mashine tumbo juu, yeye kasimama maji yakimfika kifuani, anaishika ubavu, hajui aanzie wapi. Mkavu alifungua kinywa, akakifunga. Mishipa ya shingo ilimtoka. Kisha akapaza sauti:

"Kulia! Igeuze kulia, we pumbavu!"

Nikamshika shati. "Mzee mwenzangu, unaiua mashine yako mwenyewe!"

Hakunitazama. Kule majini shemeji naye akaduwaa, akamkodolea macho.

"Unataka ife ili mimi nisiipate, eh? Nakujua, nyoka we!"

Akaigeuza kushoto.

Injini ikakohoa, ikawaka. Akarudi ufukweni kifua mbele, anawatangazia watu: "Mmemsikia wenyewe! Angeiharibu mali ya marehemu, roho mbaya huyu!" Watu wakaguna, na mmoja akamzomea Mkavu. Yeye akainama, akafungua kifuniko, akakamua sponji. Maji hayakujaza hata kikombe. Nikaona mabega yake yameshuka.

"Na kesho naichukua tena," shemeji akasema.

"Thubutu! Usikanyage hapa!" Mkavu akafoka.

Papo hapo akajiuma ulimi. Lakini shemeji alikuwa ameshatabasamu.