Jina Lililobaki Mgodini

Katika ukumbi wa mpira wa kikapu wa chuo kile cha Pennsylvania, Darlene, mwendeshaji wa ubao wa matokeo, humsikia mtangazaji kabla hajamwona, maana hupanda ngazi akikohoa. Akishaketi hupuliza maji yake ya moto yenye asali, kisha husugua swichi ya maiki kwa dole gumba. Dole lina kovu jeusi la vumbi la mgodini, halitoki kwa sabuni. Lakini akifungua maiki, uzee wote humtoka. Miaka nenda miaka rudi aliwaita vijana wa timu Wachimba Makaa, akilivuta jina mpaka madirisha yaitikie. Sasa mgodi umefungwa, na chuo kimewabatiza Tai.

"Usije ukateleza leo, mzee," Darlene alimtania siku ya mechi ya kwanza.

"Nitateleza wapi? Tai, Tai. Utadhani naita kuku."

Ikafika zamu ya kumkumbuka mchezaji wa zamani aliyefariki mwaka huo. Watu wakasimama.

"Tunamkumbuka Emil Hudak," akasema, "aliyekuwa..."

Emil alikuwa mwanawe, na hakuwahi kuwa Tai hata siku moja. Darlene akaona lile dole likirudi kusugua swichi.

"Maskini, babu wa watu kalisahau jina," msichana mmoja akasema kwenye jukwaa la wanafunzi. Wakaanza kumkumbusha, kwa wema tu: Tai, Tai, Tai, mpaka madirisha yakaitikia.

Mtangazaji akazima maiki, akayapuliza maji yaliyokwisha kupoa.